Babu zao walifichwa na sheria: barua kuhusu Wamelungeon wa Marekani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu makala mliyoichapisha hivi karibuni juu ya Wamelungeon, wale watu wa milima ya Appalachia huko mashariki mwa Marekani ambao mwandishi wenu aliwaita "kabila la ajabu lisilojulikana lilikotoka". (Jina lao hutamkwa karibu na "melanjini".) Makala ilieleza kwa kirefu uwezekano kwamba ni wazao wa mabaharia wa Kireno waliovunjikiwa na merikebu, au wa mateka wa Kituruki walioachwa pwani, au hata mabaki ya Wafoinike wa kale; kisha, katika sentensi ya mwisho kabisa, ikataja kwamba wapo pia wanaodai kuwa watu hao wana damu ya Kiafrika. Nilifundisha historia katika shule za sekondari za Mpwapwa na Dodoma hadi nilipostaafu, na sentensi hiyo moja ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu, kwa sababu jambo lililowekwa mkiani ndilo lililostahili kuwa kichwa.

Wamelungeon wanaozungumzwa zaidi ni wale wa Newman's Ridge, mlima mrefu katika kaunti ya Hancock, jimbo la Tennessee, karibu na mpaka wa Virginia, pamoja na jamaa zao wa kaunti za Lee, Scott na Wise upande wa pili wa mpaka na wengine wa mashariki mwa Kentucky. Koo zao ni chache na majina yanajirudia kizazi kwa kizazi: Collins, Gibson, Goins, Bunch, Mullins. Maandishi ya kwanza yanayojulikana kulitaja jina lao ni kumbukumbu za kanisa la Kibaptisti la Stony Creek, Virginia, za mwaka 1813, ambamo muumini mmoja alishtakiwa kwa wenzake kwamba amemsingizia mwingine kuwa anawahifadhi "Melungins". Ina maana kwamba siku jina hilo linaingia katika maandishi lilikuwa tayari ni la kumvunjia mtu heshima, kiasi kwamba kumtaja tu mwenzako kuwa amewapa hifadhi kulitosha kukufikisha mbele ya wazee wa kanisa. Kwa zaidi ya miaka 100 baada ya hapo wenyewe hawakujiita hivyo. Waliitwa hivyo na wengine, na walipoitwa walikasirika.

Sisi wa Ugogo hatupaswi kushangaa kwamba watu wanaweza kubeba jina walilopewa na wapita njia. Husimuliwa kwamba wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakipita na misafara kati ya Tabora na Bagamoyo ndio waliowaita wenyeji wa nchi hii Wagogo kwa sababu ya magogo waliyoyaona hapa, na koo nyingi za Kigogo, ukimketisha mzee akueleze, huanza simulizi yake mahali pengine kabisa: Uhehe, Ukaguru, Unyamwezi, Umasaini. Hakuna anayeandika kwamba Wagogo ni fumbo. Tunasema walichanganyika, tunaeleza ni nani alikuja kutoka wapi, na maisha yanaendelea. Kwa nini basi watu wa Newman's Ridge, ambao habari zao zimo katika daftari za kodi, za mahakama na za sensa tangu karne ya 17, waitwe fumbo?

Jibu limo katika sheria za Virginia, na naomba wasomaji wanivumilie nirudi nyuma kidogo.

Mwaka 1619 watu zaidi ya 20 kutoka Angola waliteremshwa Point Comfort, Virginia, baada ya kutekwa katika merikebu ya Kireno iliyokuwa imetoka Luanda kuelekea Mexico. Kwa miongo kadhaa iliyofuata koloni hilo lilikuwa bado halijakamilisha sheria zake za utumwa. Waafrika na maskini wa Kiingereza waliokuja kwa mkataba wa utumishi walilima tumbaku katika mashamba yale yale, wakatoroka pamoja, wakaishi pamoja na kuzaa watoto pamoja. Wapo Waafrika waliopata uhuru wao na ardhi yao: Anthony Johnson, aliyefika mwaka 1621, alikuja kuwa na mifugo na shamba lake mwenyewe, na mjukuu wake mmoja alipopata shamba alilipa jina Angola. Kila nilipofika hapo darasani nilisimama kidogo, kwa kuwa mjukuu aliyezaliwa ng'ambo ya bahari na kulipa shamba lake jina la nchi ya babu yake hakuwa mtu asiyejua alikotoka.

Mlango ulifungwa hatua kwa hatua. Mwaka 1640 watumishi watatu walitoroka pamoja Virginia wakakamatwa Maryland. Wawili walikuwa Wazungu, nao waliongezewa miaka minne ya utumishi. Wa tatu alikuwa Mwafrika aliyeitwa John Punch, naye akahukumiwa kumtumikia bwana wake maisha yake yote. Kosa lilikuwa moja, siku moja, njia moja. Kisha mwaka 1662 ikatungwa sheria kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake: mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, na mama akiwa huru, mtoto ni huru. Sheria hiyo iliwafaa mabwana, kwa maana iliwahakikishia kwamba watoto wa wajakazi wao, hata wale waliozaa nao wao wenyewe, wangebaki kuwa mali. Lakini sheria hiyo hiyo ilimaanisha kwamba mtoto wa mwanamke wa Kiingereza na mwanamume wa Kiafrika alizaliwa mwungwana, kwa maana ile ya zamani ya neno hilo tunayoijua sisi wa njia ya misafara. Koloni lilipotambua hivyo likaja na sheria ya mwaka 1691 iliyokataza ndoa za namna hiyo: mwanamke mweupe aliyezaa na Mwafrika nje ya ndoa alipe pauni 15 au auzwe utumishi wa miaka mitano, na mtoto wake atumikishwe hadi afikishe miaka 30. Baada ya miaka 30, hata hivyo, alikuwa huru, na watoto waliozaliwa na mama huru walikuwa huru.

Hao ndio mababu wa Wamelungeon. Watafiti wa nasaba waliopekua daftari za Virginia na North Carolina ukurasa kwa ukurasa wamezifuatilia koo hizi kutoka mashamba ya tumbaku ya pwani hadi kaunti ya Louisa katikati ya karne ya 18, kutoka huko hadi mipaka ya North Carolina, kisha juu ya mto New na mto Clinch, hadi Newman's Ridge mwanzoni mwa karne ya 19. Njia yote hiyo ilikuwa ya kuisogelea nyika na kuikimbia serikali. Mwaka 1745 mahakama ya Louisa iliwaita wanaume wa koo za Collins, Gibson na Bunch kujibu shitaka la kuwaficha watu waliostahili kutozwa kodi. Wasomaji wa rika langu wanaoikumbuka kodi ya kichwa wataelewa haraka, ila ya kwao ilikuwa na sumu zaidi: huko Virginia mwanamke mweupe hakutozwa, bali mwanamke wa asili ya Kiafrika, hata akiwa huru, alitozwa, na baadaye ikawa pia kwa mke wa mwanamume huru mwenye asili hiyo. Kumwandikisha mkeo katika daftari la kodi kulikuwa sawa na kutia sahihi kwamba nyumba yako si ya watu weupe. Wakaona heri kumficha mke kuliko kumwandikisha, kisha wakaona heri kuhama.

Mlimani nako sheria iliwafuata. Katiba mpya ya Tennessee ya mwaka 1834 iliwanyang'anya kura watu huru wasiokuwa weupe, na North Carolina ikafanya hivyo mwaka 1835. Mwaka 1846 wanaume kadhaa wa ukoo wa Collins na wenzao walishtakiwa katika kaunti ya Hawkins kwa kosa la kupiga kura, akiwemo Vardy Collins, ambaye bonde lililo chini ya Newman's Ridge linaitwa kwa jina lake hadi leo. Hatimaye waliachiwa. Lakini tufikirie maana ya kuwa mzee wa miaka mingi, mwenye shamba na wajukuu, ukasimamishwa mahakamani ili wageni wakutazame uso na nywele na waamue babu yako alikuwa nani.

Ndipo hadithi za Wareno zilipopata kazi ya kufanya. Katika miaka ya 1870 kulikuwa na kesi ya mirathi mjini Chattanooga ambayo ningependa kila mwandishi wa habari za asili ya watu aijue. Mzungu mmoja mwenye mali alikuwa amemwoa mwanamke wa familia iliyohesabiwa kuwa ya Wamelungeon, mke akafariki, na ndugu za mume wakataka binti aliyeachwa asirithi kitu. Hoja yao ilikuwa kwamba mama yake alikuwa na damu ya Kiafrika, kwa hiyo ndoa ilikuwa batili tangu siku ya kwanza. Wakili wa yule binti, Lewis Shepherd, hakuipinga sheria yenyewe, maana asingeshinda. Alidai kwamba familia ya mama ilitokana na Wakarthago wa kale, waliohamia Moroko, wakavuka kwenda Ureno, na kutoka Ureno wakafika South Carolina. Mahakama ilikubali, na binti akapata haki yake. Mimi simlaumu wakili yule hata kidogo, wala simlaumu yule binti. Ila ninaumia kila nikikumbuka kwamba Karthago ilikuwa Afrika, katika nchi ya leo ya Tunisia, na kwamba ilibidi Afrika ipakwe rangi nyingine, isafirishwe kupitia Ureno na kuzeeshwa miaka 2,000 ndipo mtoto aruhusiwe kurithi mali ya baba yake mwenyewe.

Kwa hiyo mwandishi wenu anapoandika kwamba "Wamelungeon wenyewe walisema wao ni Wareno", amesema kweli, lakini hakueleza walikuwa wakiulizwa na nani, na jibu jingine lingewagharimu nini. Waliulizwa na hakimu, na karani wa kodi, na mwalimu mkuu wa shule ambayo ingeweza kumfukuza mtoto. Waliulizwa pia na waandishi wa magazeti. Mmoja wao alifika kutoka Nashville mnamo mwaka 1890, akala na kulala nyumbani kwao mlimani, kisha akaenda kuwaandika kuwa ni watu wachafu, wavivu na wezi. Hata Mahala Mullins, mama wa watoto wengi aliyefariki mwaka 1898, ambaye nyumba yake ya magogo ilihamishwa mwaka 2000 kutoka mlimani na kuwekwa bondeni Vardy ili ihifadhiwe, waandishi hawakutaka kujua kwake ila unene wa mwili wake na pombe aliyoiuza.

Ubaya mkubwa zaidi ulikuja katika karne ya 20, tena kwa mkono wa mtu wa ofisini. Virginia ilipitisha mwaka 1924 sheria ya kulinda usafi wa rangi, iliyomhesabu mtu kuwa mweupe pale tu asipokuwa na chembe ya damu nyingine, isipokuwa sehemu moja ya kumi na sita ya Wahindi Wekundu, kwa kuwa familia kadhaa kubwa za jimbo hilo zilijivunia kutokana na Pocahontas, binti wa chifu wa Wahindi hao, na hazikutaka kujikuta nje. Msimamizi wake alikuwa Walter Plecker, msajili wa vizazi na vifo wa jimbo tangu mwaka 1912 hadi 1946. Mwaka 1943 aliwapelekea makarani wa kaunti waraka wenye majina ya koo, kaunti kwa kaunti, akiwaagiza wawe macho na yeyote mwenye jina hilo atakayetaka kuandikishwa mweupe. Chini ya kaunti ya Lee yalikuwemo majina ya Collins, Gibson, Goins, Bunch na Mullins, na neno Melungeon limeandikwa waziwazi. Mama aliyejifungua huko alingoja cheti cha mtoto bila kujua kitarudi na neno gani. Sheria hiyo ya ndoa haikuanguka hadi mwaka 1967, Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua kesi ya Richard na Mildred Loving.

Mwaka huo huo wa 1967 nchi yetu ilifanya sensa yake ya kwanza baada ya Uhuru, na ndiyo ya mwisho kumuuliza mtu kabila lake. Karani alipoketi barazani kwangu Agosti 2022 na kishikwambi chake, aliniuliza umri, elimu, mifugo, vyoo na mambo mengine mengi, nami nikamjibu yote. La kabila hakuuliza, na nilipomwambia kwamba naifurahia serikali isiyouliza hilo, alitabasamu tu akaendelea na kazi. Yeye ni kijana. Hakujua nilikuwa nikimfikiria bibi yangu.

Bibi yangu mzaa baba aliishi Mpwapwa hadi alipofariki mwaka 1966. Aliyemuuliza ukoo wake alijibiwa kwa jina la ukoo wa Kigogo wa nyumba aliyolelewa, haraka, bila kusita, kama mtu anayelipa nauli. Lakini hakuwa na ile alama ya duara kwenye paji la uso waliyokuwa nayo wanawake wa Kigogo wa rika lake, na meno yake ya mbele ya juu yalikuwa yamechongwa, ndiyo maana alipocheka aliinua pindo la khanga akaficha mdomo. Tulipokuwa tukimenya karanga alizihesabu tano tano kwa maneno ambayo si ya Kigogo wala ya Kiswahili. Mimi nilikuwa na daftari la shule, nikayaandika yale maneno matano. Siku moja, karibu na mwisho wa maisha yake, alinitajia na jina la kijiji, akanieleza kwamba aliletwa na msafara akiwa mtoto, kwamba miguu ilivimba akashindwa kuendelea kabla ya ile nyika isiyo na maji ya Marenga Mkali, au baada yake, hakukumbuka, na kwamba mwenyeji mmoja wa Mpwapwa alimchukua. Akasema, "Hayo usiyapeleke nje, mjukuu wangu. Watasema baba yako ni mtoto wa mjakazi." Utumwa ulikuwa umefutwa kisheria Tanganyika tangu mwaka 1922. Baba yangu alikuwa mtu mzima mwenye watoto wakubwa. Bado bibi aliogopa.

Miaka ya baadaye niliyasoma yale maneno matano mbele ya mfanyabiashara wa dagaa kutoka Kigoma, pale Soko la Majengo, naye akatambua matatu na kusema aliyasikia kwa Wamanyema, watu wa mashariki mwa Kongo. Nilifurahi nikaenda kuwaambia ndugu zangu. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alininyamazisha mbele ya watu wote. Tulikuwa katikati ya posa ya binti wa familia, na wakwe walikuwa wameuliza ukoo, na ukoo waliotajiwa ulikuwa ule ule wa bibi alioutaja maisha yake yote. "Unatuvua nguo mbele za watu," akaniambia. Nilinyamaza. Posa ikakubaliwa, na sijuti kwamba nilinyamaza siku ile. Ila yule binti leo ana wajukuu, na ni yeye aliyeniomba niyaandike haya.

Ndugu Mhariri, "Mreno" wa Newman's Ridge na ukoo aliopanga bibi yangu ni paa la namna moja. Mtu hujiegesha chini yake mvua inaponyesha. Hatuwezi kumcheka aliyejiegesha, lakini hatuwezi pia kuliandika paa hilo kuwa ndiyo asili yake, hasa sasa ambapo mvua imepungua na wajukuu wenyewe wametoka nje kutafuta.

Maana wajukuu ndio walioitafuta habari hii. Mji wa Sneedville ulianza mwaka 1969 kuonyesha mchezo wa kuigiza juu ya historia yao, na polepole watu wakaanza kulitamka jina lile bila haya. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa vinasaba wa Roberta Estes na wenzake, akiwemo Jack Goins, ambaye ni wa ukoo wenyewe na amezitumikia kwa miaka mingi nyaraka za kaunti ya Hawkins. Walipima wazao wa koo za asili. Kwa upande wa baba, mistari ilielekea zaidi Afrika kusini mwa Sahara na Ulaya. Kwa upande wa mama, ile iliyopimwa ilielekea Ulaya. Matokeo hayo yanakaa sawasawa juu ya zile daftari za Virginia: wanaume wa Kiafrika na wanawake wa Ulaya, kabla ukuta wa sheria haujakamilika. Si kila mtu kule aliyapokea kwa furaha, na hilo nalielewa kuliko mwandishi wenu anavyoweza kudhani.

Ni haki pia nieleze mpaka wa kipimo hicho. Kromosomu Y humfuata baba wa baba wa baba, na kinasaba cha mitokondria humfuata mama wa mama wa mama. Ukipanda vizazi vinne una wazazi 16, na vipimo hivyo viwili vinawagusa wawili tu kati yao. Kwa hiyo anayesema bibi yake alikuwa Mcheroki, yaani wa kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, au kwamba mmoja wa mababu alikuwa baharia wa Kireno, anaweza kuwa na sababu ya kweli katika familia yake, na ukoo mmoja katika utafiti huo ulionyesha mstari wa wenyeji wa Marekani. Lakini shina la koo zile kubwa limeonekana kwa karatasi na kwa damu, na makala inayoliacha shina ikaning'inia kwenye matawi inampotosha msomaji.

Wasomaji wenu wanaijua Kogelo, na wanajua kwamba Rais mstaafu Barack Obama alipata Uafrika wake kwa baba. Mwaka huo huo wa 2012 wataalamu wa nasaba walitangaza kwamba, kwa ushahidi walioukusanya, mama yake, mwanamke mweupe mzaliwa wa Kansas, inaelekea ni wa uzao wa John Punch, yule mtoro wa mwaka 1640, kupitia ukoo wa Bunch. Bunch ni jina nililolitaja mwanzoni mwa barua hii. Ni watu wangapi wanaoishi Marekani leo wakiamini kwamba hawana undugu wowote na bara letu, kwa sababu babu yao wa karne ya 18 alifaulu kumficha mke wake kwa karani wa kodi?

Kuhusu jina lenyewe wataalamu hawajakubaliana. Wapo wanaolitoa katika neno la Kifaransa lenye maana ya mchanganyiko. Wengine wamekumbusha kwamba katika Kikimbundu cha Angola, ambacho ni lugha ya Kibantu kama Kigogo na kama hiki Kiswahili, malungu ni vyombo vya majini, na kwamba huko Brazil Waafrika waliovushwa bahari katika merikebu moja waliitana malungo. Siwezi kudai kwamba hiyo ndiyo asili ya jina. Lakini kwa mtu anayesema Kiswahili, wazo la wenzi wa chombo kimoja halihitaji kutafsiriwa, na lilistahili angalau mstari mmoja mahali ambapo Waturuki walipewa aya tatu.

Ombi langu ni kwamba gazeti lichapishe maelezo ya kurekebisha makala ile, na kwamba maneno "chotara wa ajabu" yaliyotumika chini ya picha yasirudiwe. Ningeomba vilevile, kama nafasi itaruhusu, mfungue safu kwa familia za Mpwapwa, Kilimatinde, Kondoa na vituo vingine vya misafara, ili wale ambao bibi zao walihesabu karanga kwa maneno ya mbali waweze kuyaandika maneno hayo kabla hayajasahauliwa na waliobaki. Daftari langu ninalo bado, na karatasi zake zimeanza kuwa za manjano. Mwandishi wenu akitaka kuliona, au kulipiga picha, anakaribishwa nyumbani Chang'ombe wakati wowote wa mchana; asubuhi huwa niko shambani Hombolo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Chang'ombe, Dodoma